Siku Jeneza la Babu Lilipokuwa Zito

Nilipokuwa mtoto wa darasa la sita niliamini mambo mawili kwa wakati mmoja, na yote mawili kwa moyo wote. La kwanza nilifundishwa na bibi: kwamba mtu aliyekufa anaweza kujiongezea uzito. La pili nilifundishwa na mwalimu wa sayansi: kwamba hakuna mtu anayeweza kujiongezea uzito kwa kukasirika tu. Sikuona tabu kuyaweka pamoja. Moja lilikuwa la nyumbani na Kihaya chake, jingine la shuleni na Kiswahili chake, na mimi nilivuka katikati yao kila asubuhi nikiwa na kidumu cha maji na fagio.

Kwetu ni Muleba, kijiji kilichokaa juu ya kilima, na barabara ya gari inaishia chini. Kila kitu kinachofika nyumbani kimebebwa na mtu: saruji, godoro, mgonjwa, na marehemu pia. Labda ndiyo maana bibi alikuwa na mengi ya kusema juu ya uzito. Kila tulipojiandaa kwenda msibani alinishika bega na kunionya.

"Kemi, usifuate jeneza na neno baya moyoni. Marehemu analisikia. Akilisikia anagoma, anakuwa mzito mpaka wabebaji wanapiga magoti."

Kisha alinipa mfano wa mzee mmoja wa zamani aliyekataa kupitishwa mbele ya nyumba ya ndugu yake mpaka yule ndugu akatoka akalia hadharani. "Wanaume wanane, mjukuu wangu! Wanane, na hawakumwinua." Nilimwamini. Hata leo, nikiwa mama mtu mzima, siwezi kusema nilikuwa mjinga kumwamini, maana bibi yangu hakuwa mwongo. Aliona wanaume wameshindwa, akaeleza kwa alichokuwa nacho.

Mwalimu wetu wa sayansi alitoka Kimwani, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Siku moja alipanda juu ya dawati akiwa na jiwe kubwa mkono mmoja na kokoto mkono wa pili. "Nikiachia vyote, kipi kitafika kwanza?" Tukapiga kelele darasa zima, kubwa, mwalimu, kubwa! Akaachia. Vikafika pamoja. Tukamwambia amefanya ujanja, arudie. Akarudia mpaka sakafu ikachimbika. Baadaye akaachia karatasi, ikapepea ikichelewa. Akaifinyanga, akaiachia tena, ikaenda chini kama kokoto. Akasema karatasi ile ilicheleweshwa na hewa tu.

"Sasa, kwa nini haviendi juu? Kwa nini haviendi kando?"

Mwenzetu mmoja akajibu, "Vimezoea, mwalimu."

Mwalimu alicheka mpaka akashuka kwenye dawati. Akatuambia kwamba dunia inavuta kila kitu kuelekea katikati yake, bila kamba, bila mkono, usiku na mchana, na kwamba uzito wa kitu ni huko kuvutwa kwake. Watu wa upande wa pili wa dunia nao wanavutwa kuelekea katikati hiyohiyo, ndiyo maana hawadondoki angani. Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: NGUVU YA MVUTANO.

Neno lile lilinishtua. Kijijini kwetu mvutano ulikuwa na maana moja tu, ugomvi. Mvutano wa mpaka, mvutano wa ukoo, yale mambo ambayo watu wazima wanapelekana nayo ofisi ya kijiji. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, dunia na jiwe wanagombania nini?"

Darasa likaangua kicheko, lakini mwalimu hakunicheka. Alisema kuvuta ni kazi ya mmoja, kuvutana ni kazi ya wawili. Dunia inalivuta jiwe, na jiwe nalo linaivuta dunia kwa nguvu ileile. Ila dunia ni kubwa mno kiasi kwamba kusogea kwake hakuonekani.

"Hata mimi naivuta dunia?"

"Hata wewe, Kemilembe, na uzito wako huo wa kuku."

Niliringa wiki nzima. Nilikanyaga chini taratibu kama mtu mwenye cheo.

Wiki hiyohiyo tulihamisha kabati la vitabu kutoka ofisini kwenda darasa jipya, mlimani kidogo. Tulilibeba wanne, mimi na rafiki yangu nyuma. Tulipoanza kupanda, sisi wa nyuma tulitaka kulia, na wale wa mbele walikuwa wanaimba. Tukawaambia hawabebi, wakatuambia sisi walegevu. Mwalimu akatubadilisha nafasi. Loo! Wale waimbaji wakanyamaza. "Kabati halijaongezeka hata kidogo," mwalimu akasema. "Dunia inalivuta kwenda chini, wima. Likiinama, mzigo unawaelemea walio chini." Mambo mengi ya shule niliyaelewa kwa kukariri. Hilo nililielewa kwa bega.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu, maana bila hiyo habari hii itakuwa ya kujisifu tu.

Baba yangu alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Mama alibaki kwenye kibanja cha ukoo, nyumba na shamba lake la migomba, kwa sababu babu alisema abaki, na neno la babu lilitosha. Kisha babu akaugua, akapelekwa Bukoba, Rwamishenye, nyumbani kwa baba mkubwa, ili awe karibu na matibabu. Mama alikuwa anasafiri kila wiki kutoka Muleba kwenda kumwogesha na kumfulia. Shangazi, binti wa babu mwenyewe, alikaa Kashai, mwendo mfupi tu wa bodaboda, na alikwenda akipata nafasi.

Jumapili moja shangazi alikuja kijijini kuchukua ndizi. Nilikuwa namsaidia kufunga mikungu, akaniuliza kwa sauti ya utani, "Enhe, mama yako anasemaje kuhusu mzee?" Nilitaka nionekane mkubwa, mtu anayejua mambo ya nyumbani. Nikamwambia, "Mama amesema amechoka. Wiki hii haendi. Aende mwenye baba yake."

Ni kweli mama alisema hivyo. Lakini hakuishia hapo. Alivuta pumzi, akajirudi, "Nitakwenda Alhamisi, nimalize kupalilia maharage na mashuka yake yakauke." Nusu hiyo ya pili niliimeza, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi kuisimulia. Nilikuwa darasa la kipaimara wakati huo. Amri ya nane, ile ya kutomshuhudia mtu uongo, niliijua kwa moyo, pamoja na maelezo yake.

Babu alifariki Jumatano.

Mwili uliletwa Ijumaa mchana. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, pikapu ikakwama chini ya kilima kama tulivyotarajia. Wanaume sita wakachukua jeneza mabegani. Mbele alikuwa baba mkubwa, ambaye watu wazima walimwita kwa heshima Ta Rwegasira. Nyuma alikuwa Deo, mtoto wa shangazi, kijana mwenye kifua kipana anayeendesha bodaboda Kashai. Sisi wanawake na watoto tulifuata, mimi nikiwa nimeshikwa mkono na bibi, mama hatua chache nyuma yetu na mkeka kichwani. Kwaya iliimba, mwinjilisti wetu akitangulia na kitabu chake ndani ya mfuko wa nailoni.

Tulipofika pale njia inaposimama wima, Deo akapaza sauti. "Subirini! Subirini kwanza! Mzee amekuwa mzito!"

Wakaliweka jeneza juu ya vipande vya migomba vilivyokatwa harakaharaka. Baba mkubwa akageuka. "Wewe unayebeba abiria watatu kwa mpigo unashindwa na mzee aliyekonda hivi?"

"Mjomba, naapa. Kule chini hakuwa hivi. Ameongezeka."

Na mwenzake wa nyuma akaitikia, "Kweli, waitu, jamani. Ameongezeka."

Wakainua tena. Hatua kumi, labda kumi na mbili, Deo akapiga goti moja matopeni. Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Bibi akanibana mkono. Niliwaza, ni mimi. Mimi ndiye niliyefuata jeneza na neno.

Lakini shangazi hakunitazama mimi. Alimtazama mama.

"Baba anakataa," akasema, na machozi yake yalikuwa ya kweli, hilo simnyimi. "Kuna mtu hapa alimkataa akiwa hai. 'Amechoka. Aende mwenye baba yake.' Si ndivyo ulivyosema, Mama Kemi?"

Maneno yangu yaleyale. Mama alishika tu ukingo wa mkeka kwa mkono mmoja.

Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, amelowa, na anazika baba yake. Akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha, "Shemeji, kama ni kweli, ni afadhali ubaki hapa njiani mpaka tumalize. Mambo ya kibanja tutayazungumza baadaye."

Hata mtoto alielewa. Mjane anayezuiwa kumzika baba mkwe wake kwa sababu marehemu amemkataa hatalala miezi mingi kwenye kibanja hicho. Tungeondolewa, mimi na yeye, na kila mmoja angesema ni babu mwenyewe aliyetuondoa.

Nikapiga kelele. "Si babu! Ni mvutano!"

Shangazi akapiga makofi. "Mmesikia? Mmesikia mtoto wake wa kumzaa? Anasema kuna mvutano!"

Bibi kizee mmoja nyuma yetu akaguna, "Mtoto hafichi, waitu."

Mama akanitazama, na sijawahi kuona uso uliochoka namna ile. Nilikuwa nimemzamisha mara ya pili, safari hii kwa elimu.

"Hapana! Mvutano wa dunia!"

"Dunia nayo imegombana na nani?" Deo akauliza pale alipokaa, akijisugua bega, na vijana wawili wakameza kicheko.

Nikaacha Kiswahili. Nikasema Kihaya, na Kihaya hakikuwa na neno la mwalimu, kwa hiyo sikuwa na la kutamba nalo tena. Nilibaki na swali tu. "Baba mkubwa, huko mbele kwako ni mzito?"

"Kwangu?" Akafikiri. Alikuwa mtu wa kweli. "Kwangu ni vilevile tangu chini. Hata ni nafuu kidogo."

"Basi babu anamkataa mama kwenye bega la Deo peke yake?"

Mwinjilisti akakohoa. "Mtoto ameuliza vizuri. Kubadilishana mabega hakukatazwi na Maandiko. Wa nyuma waje mbele, wa mbele waende nyuma."

Nikiri tena: sikuwa na uhakika. Kabati halikuwa maiti. Nilisimama pale nikimwomba Mungu kwamba yale aliyoyaweka duniani ayaweke pia kwa babu yangu, na kwamba mwalimu wa Kimwani awe hakutudanganya.

Baba mkubwa akaenda nyuma, Deo akaja mbele. Wakainua. Hatua ya tano nikamwona Deo amegeuza shingo kwa mshangao. "Huku mbona..." akaanza, akanyamaza kwa heshima. Hatua ya tisa mishipa ya shingo ya baba mkubwa ikasimama. Hatua ya kumi na mbili akasema kwa sauti iliyobanwa, "Mungu wangu! Wekeni! Wekeni chini!"

Deo hakuweza kujizuia. "Mjomba, na wewe mzee amekukataa?"

Kicheko kilipasuka, cha kwanza tangu Jumatano. Hata kwaya walicheka, wakiziba midomo kwa vitabu. Baba mkubwa alijifuta uso, akaitazama njia, akalitazama jeneza jinsi lilivyoinama, akanitazama mimi.

"Nani amekufundisha haya?"

"Shule."

"Shule siku hizi inafundisha kubeba maiti?"

"Inafundisha kubeba kabati, baba mkubwa."

Nikaeleza nilivyoweza. Kwamba babu ana uzito uleule aliotoka nao Rwamishenye. Kwamba dunia inamvuta chini, wima, na sanduku likiinama mzigo unamwendea aliye chini, awe nani. Sidhani nilieleza vizuri, lakini mabega yao yalikuwa yamekwisha kunielewa.

Aliyemaliza shauri ni bibi. Aliuachia mkono wangu akasogea mbele. "Mume wangu nilikaa naye maisha yote. Hakuwa mtu wa kuwapokea walio mbele na kuwakataa walio nyuma. Wekeni wanne nyuma, wawili mbele, twendeni kabla mvua haijarudi." Kisha akamgeukia mama. "Na wewe njoo huku. Mkeka huo ndio nitakaokalia, na utakaa nami."

Wakapanda mpaka juu bila kusimama tena. Mama alikaa kando ya bibi mbele ya kaburi, akatupa udongo wake kwa zamu yake, mara tu baada ya watoto wa marehemu. Hakuna aliyezungumza habari za kibanja, si siku ile wala baadaye. Mama yuko hapo mpaka leo, na migomba yake inapita ya majirani wote.

Mimi niliishia darasa la saba. Nashona sare za shule Rwamishenye, kwenye chumba kimoja cha kupanga, na mtoto akija kupimwa huwa namwonyesha kifungo na kukidondosha. "Kwa nini hakiendi juu?" Wengi hujibu wanavyofundishwa, wengine huona mama huyu ana matatizo. Nasikia fahari kila mara. Mahubiri yanasema kiburi ni dhambi, nami nakubali, lakini kwa jambo hili moja namwomba Mungu anisamehe bila kuniondolea. Mtoto wa miaka kumi na miwili, mwenye neno moja alilolielewa nusu, alisimama mbele ya ukoo mzima, na ukoo ukageuza mabega.

Bibi hakuacha imani yake. Mpaka anakufa aliwasimulia majirani kwamba mzee aligoma kidogo, akaombwa vizuri, akakubali. Sikumrekebisha. Nadhani hata alikuwa sahihi kwa sehemu yangu, maana kweli nilifuata jeneza nikiwa na neno baya. Kosa lake lilikuwa kudhani neno lina uzito. Neno dunia hailivuti. Likitoka mdomoni halianguki mahali likatulia. Linaelea tu, linakwenda linakotaka, mpaka aliyelitoa aende mwenyewe kulishusha.

Mwaka jana nilikwenda kulishusha. Nilimkuta mama jikoni na ndizi zake za mchana, nikakaa kwenye kigoda, nikasema kabla sijaogopa.

"Mama, aliyempelekea shangazi maneno yako ni mimi."

Hakuinua uso. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu palepale njiani. Shangazi yako aliyasema kwa sauti yako. Hata pale kwenye 'mwenye' unapopenda kuvuta sauti."

"Mbona hukuniadhibu?"

"Nilikuwa nakusubiri tufike nyumbani nikuchape. Ukaanza makelele yako ya mvutano." Akacheka kwa pua.

Nikamwambia na lile lililokuwa baya zaidi. Kwamba nilijua alisema atakwenda Alhamisi. Kwamba ningelisema pale chini ya kilima, angesafishwa bila babu kubadilishiwa mabega, nami nikalificha nisijulikane. Nikafundisha watu habari za dunia ili nisiseme habari zangu.

Mama akaweka kisu chini.

"Ungelisema, shangazi yako angejibu kwamba nimekufundisha la kusema. Mtoto anafundishika. Jeneza, nani angelifundisha?"

Miaka yote nilijivuna kwamba siku ile mimi ndiye niliyemtetea mama. Bado najivuna. Ila sasa nikiikumbuka njia ile namwona kwanza mwanamke amesimama kwenye matope na mkeka kichwani, anajua nani amemponza, na anamwacha aendelee kusema.

Hakuniambia amenisamehe. Alichukua kisu cha pili, akanipa, akasukuma nusu ya ndizi upande wangu, tukamenya.